Jina Lililobaki

Muuguzi alisikia "hari," akamvua Bibi blanketi.

Nia yake ilikuwa njema. Mgonjwa wa kitanda cha dirishani alikuwa ameletwa siku mbili nyuma, upande wa kulia umekufa ganzi na mdomo umekwenda kombo, na sasa ndiyo kwanza ametamka neno. Neno lenyewe likawa hari. Basi mama wa watu anasikia joto. Muuguzi akakunja blanketi, akafungua dirisha, akawasha feni ya ukutani. Bibi akamtolea macho, akasema tena kwa nguvu zaidi, "Hari." Muuguzi akaiongeza kasi feni.

Mama Pasi alipoingia na chupa ya chai alimkuta mama mkwe wake anatetemeka, vidole vya mguu vimejikunja kwa baridi.

"Dada, mbona mmemwacha wazi hivi?"

"Mwenyewe anasikia hari, mama. Analalamika tangu asubuhi."

"Halalamiki. Anamwita Mungu."

Muuguzi akamtazama mgonjwa, akamtazama mkwe, asijue kama anataniwa.

"Sisi ni Wahindu," Mama Pasi alimweleza huku akilikunjua blanketi. "Hari ni jina la Mungu kwetu. Huyu amelitaja kila siku tangu ni msichana. Usijilaumu, hukujua."

Muuguzi akafunga dirisha kwa haya. Bibi akafunikwa hadi kidevuni, akashusha pumzi ndefu, akasema, "Hari." Alipopewa chai akasema vilevile. Alipotazama mkono wake wa kulia, uliolala shukani kama kitu cha mtu mwingine, akasema neno lilelile, mara hii kwa sauti ndogo.

Daktari alieleza kwamba kiharusi kimepiga pale maneno yanapokaa. Mara nyingine, alisema, mtu hupoteza yote akabakiwa na moja tu, lile ambalo ulimi umelizoea kuliko mengine. "Wapo wanaobakiwa na tusi," aliongeza. "Nyinyi mmebahatika."

Mama Pasi hakujiona amebahatika. Alikuwa akifikiria ngazi tatu za mlango wa nyumbani, na namna ya kumpandisha mtu mzima asiyeweza kusema wapi panauma.

Jina la Mama Pasi lilitokana na kazi. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa na meza mbili ndefu zilizotandikwa blanketi na shuka, pasi mbili za mvuke, na bomba la chuma lililopita ukuta hadi ukuta, ambapo mashati ya mtaa mzima yalining'inia yakisubiri wenyewe. Mumewe alikuwa fundi miwani, akishinda kwenye kiduka cha pili kutoka kona akisaga vioo, mtu mpole wa maneno machache. Chumba cha nyuma kilikuwa cha Bibi: kitanda, kiti, rafu yenye picha ya Mungu wake, taa ndogo ya mafuta, na shanga za mbao za kuhesabia sala.

Kabla ya kuugua, Bibi alikuwa akikaa kwenye kiti karibu na meza, shanga mkononi, midomo ikienda bila sauti, macho nusu yamefumbwa. Mgeni angedhani hayupo duniani. Lakini mkunjo mmoja ukibaki nyuma ya kola, jicho lilifumbuka. "Hapo," angesema, na kurudi kwenye jina lake. Kwa miaka kumi na minane Mama Pasi alikuwa amezisikia "hapo" nyingi kuliko salamu, na akiwa peke yake aliwahi kumwambia pasi, "Mtu anayemtafuta Mungu kwa nguvu hivyo, kola za watu anazionea wapi?"

Sasa kile kiti cha chumba cha mbele kilikuwa kitupu, na mwenyewe yuko chumba cha nyuma na neno moja.

Siku za kwanza zilikuwa ngumu. Bibi aliita "Hari", Mama Pasi akaenda mbio na maji. Siyo maji. Akapeleka beseni. Siyo beseni. Akamgeuza upande, akapapasa mito, akafungua pazia, na kila alipokosea, lile neno lilitoka kwa sauti ya juu zaidi. Mara moja Bibi alimwita kwa ishara ya mkono wa kushoto, akakusanya midomo kabisa kabisa atamke kitu kingine. Shingo ilimsimama mishipa, jasho likamtoka. Kilichotoka ni "Hari." Akajipiga kofi pajani, akalia kama mtoto aliyefungiwa nje. Mama Pasi aliketi kando ya kitanda, akamshika ule mkono uliopiga.

Lakini mtu anayepiga pasi kwa miaka hujifunza kitambaa kwa kugusa, na Mama Pasi akaanza kulisikiliza neno lile kwa namna hiyohiyo. Fupi, lililokatwa mwishoni, lilikuwa hapana. La kuvutwa lilikuwa ahsante. Mara tatu mfululizo lilikuwa chooni, tena upesi. Lile la chini, karibu na mnong'ono, wakati Bibi ametazama rafu na shanga ziko kwenye mkono wa kushoto, hilo lilikuwa la mwenyewe Mungu, na halikumhusu mtu. Wiki ya nne ilipoisha, walikuwa wakielewana kiasi cha kuweza kugombana.

Fundi miwani hakusikia tofauti yoyote kati ya hayo yote. Yeye alisikia sala. Akirudi kazini alivua viatu mlangoni mwa chumba cha nyuma, akaketi sakafuni, akaunganisha viganja mbele ya mama yake na kumtazama machozi yakimlengalenga.

"Mama amefika," alimwambia mkewe jioni moja.

"Amefika wapi?"

"Kule alikokuwa anakwenda maisha yake yote. Hana neno jingine ila Jina."

"Mume wangu, alikuwa anakwenda chooni. Amekuita mara tatu, na wewe umekaa hapo unamsujudia. Sasa nina shuka ya kufua."

Fundi akainamisha kichwa, akaenda kuchota maji yeye mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya.

Habari ikavuja, labda kupitia kwake. Wakaanza kuja watu, mmoja mmoja, kisha wawili wawili, wakiwa na maua na maombi. Fulani alitaka kujua kama atapata kazi. Bibi alisema "Hari," mtu huyo akaondoka amefurahi. Mwanamke mmoja alileta picha ya mchumba wa binti yake, akaelewa kwamba amekataliwa, akaondoka amefurahi pia. Wateja wa pasi walilazimika kupita kati ya viatu vya wageni, na wengine walicheka hadharani. "Mama Pasi, siku hizi mnanyoosha na roho?" mmoja alimuuliza. Alimrudishia shati lake.

Siku moja, chumba kikiwa na wageni watano waliopiga magoti, alisikia kutoka mezani lile neno mara tatu. Aliacha pasi imesimama, akakimbia, na hakuwahi. Bibi alikuwa ameketi wima mbele ya watu wote, kanga ya miguuni imelowa, macho ameyakaza ukutani. Mgeni mmoja alikuwa bado anamwombea mwanawe.

"Nawaomba radhi," Mama Pasi alisema kwa upole mkubwa. "Leo imetosha. Na kesho msije. Bibi anaumwa, na mgonjwa ana haki ya mlango kufungwa."

Walipotoka alimwosha mkwewe, akambadilisha nguo. Bibi alimtazama muda wote huo. Mwishoni akalitamka lile la kuvutwa.

Mzee aliyekuwa akisoma maandiko hekaluni, karani wa kodi aliyestaafu, alikuwa mteja wa siku nyingi: mashati manne meupe kila wiki, yasitiwe wanga. Aliposikia wageni wamefukuzwa alikuja kuchukua mashati yake, akaketi kwenye benchi kama mtu ambaye hana haraka.

"Umefanya vema," alisema. "Baraka siyo foleni."

Mama Pasi akaendelea na mkono wa shati. "Nikuulize, mzee. Hivi kweli mama mkwe wangu amefika?"

"Kufika?" Mzee alivua miwani, akaifuta. "Wakubwa wetu wa imani wanasema mtu huanza kwa kumwomba Mungu vitu. Akikua, huacha vitu, anamtaka Mungu mwenyewe, huyo mmoja tu. Na akizama humo kabisa, mwishoni haoni tena mwombaji huku na mwombwaji kule. Anaona mmoja, ndani yake na ndani ya kila anachokitazama."

"Na wakati hayo yanatokea, nani anafua shuka?"

"Anayefua pia ni Yeye."

"Basi ukimwona mwambie aje na sabuni, ya hapa imekwisha."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Mama Pasi naye akatabasamu, kwa mara ya kwanza siku ile. Kisha akaiweka pasi chini.

"Lakini jambo moja linanisumbua. Kumpenda Mungu peke yake, si ni mtu achague? Bibi hakuchagua. Mengine yote yamefutika, hili likabaki. Nilimwona akipigana nalo, anataka kusema jingine, linamjia hilohilo. Mtu akifungiwa ndani ya nyumba, tutasema anaipenda?"

Mzee alivaa tena miwani yake, mashati yakiwa magotini.

"Hilo sijui," alisema hatimaye. "Afadhali nikwambie ukweli. Sijui."

Mama Pasi alimheshimu zaidi kwa jibu hilo.

Hospitali ikawapangia mwalimu wa matamshi, mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa na kadi za picha, aliyekuja kila Jumanne na Ijumaa. Hakushangazwa na utakatifu wala maradhi. Alimwinulia Bibi picha ya glasi, akamshikisha glasi yenyewe, akamgonga polepole kiganjani kwa mdundo wa neno. "Ma-ji. Tuimbe pamoja." Bibi alimtazama kama anayetazama mwizi mwenye adabu.

Wiki zikapita. Siku moja, katikati ya mdundo, ikatoka: "Maji." Bibi mwenyewe alishtuka, akafunika mdomo. Mama Pasi alikuja mbio kutoka mezani, wakamfanya arudie mara kumi, na mara zote kumi akanyweshwa, mpaka akatafuta njia ya kuwazuia na kupata neno lake la pili: "Sitaki." Hilo ndilo Mama Pasi alilolipenda zaidi. Siku zile alimwuliza maswali yasiyo na maana ili tu alisikie.

Fundi miwani alifurahi, lakini furaha yake ilikuwa na huzuni ndani, kama mtu ambaye mama yake amerudi kutoka safari nzuri kabla ya wakati. Yakafuata maneno mengine, machache, kila moja kwa kazi yake: "kola", "fundi" kwa mwanawe, "pasi" kwa mkwe. Jina la zamani halikupungua. Sasa tu lilikuwa na majirani.

Hali ikiwa hivyo ndipo alipokuja wifi.

Alikuwa dada mkubwa wa fundi miwani, mwalimu mkuu katika mji ulio mwendo wa siku nzima kwa basi, mwanamke wa mgongo ulionyooka na sauti iliyozoea mabaraza. Alikaa na mama yake nusu saa, akatoka, akaketi kwenye benchi la wateja na kutoa fomu kwenye pochi.

"Karibu na shule yangu kuna nyumba ya kulelea wazee," alisema. "Safi, wana wauguzi. Kuna nafasi moja. Wewe, wifi yangu, umechoka. Hata kipofu anaona. Ndugu yangu atasaini nikimwambia."

"Nimechoka, ndiyo," Mama Pasi alisema. "Lakini sijalalamika."

"Nani alisema umelalamika?" Wifi alishusha sauti. "Nimekaa naye nusu saa. Kasema maji, kasema sitaki. Mengine yote Hari, Hari. Hajui mimi ni nani. Kama hajui, kwake ni sawa akae popote."

"Anajua."

"Wewe umejuaje?"

Mama Pasi alichukua shati, akalitandaza, akalinyunyizia maji. Wifi alimwangalia akipiga pasi, na pengine ule mwendo wa kwenda na kurudi ulimlegeza, maana alianza kusema bila kuulizwa.

"Unajua nilikulia wapi? Mlangoni mwa chumba chake cha sala. Nilikuwa nikirudi shule na kitu cha kumwonyesha, daftari, jino lililong'oka, namkuta amefumba macho na zile shanga. 'Hari, Hari.' Nasubiri. Kutwa nasubiri. Alitulisha, alitusomesha, sina la kumlaumu. Lakini utoto wangu wote nilimgombea mama yangu na Mungu, na unajua mwenyewe nani alikuwa anashinda." Alicheka kidogo. "Nilifikiri ugonjwa utamnyang'anya kila kitu, labda na hilo. Ukamnyang'anya mimi, ukamwachia hilo."

Pasi ilitoa mvuke. Mama Pasi aliinyanyua kitambaa kisiungue.

"Kesho Ijumaa," alisema. "Mwalimu wa matamshi anakuja. Ukae naye mwenyewe uone. Ukimaliza, tujaze fomu au tusijaze."

Asubuhi ya Ijumaa mwalimu aliwahi. Aliposikia mambo yalivyo aliwaacha nje kwanza, akakaa na Bibi peke yake, na sauti zao zikasikika mlangoni: "Bin-ti. Bin-ti." Na baada ya muda, kwa sauti nzito ya Bibi, safi kabisa, "Binti." Wifi, aliyekuwa amesimama karibu na mashati, alishika lile bomba la chuma.

Waliitwa. Bibi alikuwa kitini, nywele zimechanwa. Mwalimu akaonyesha kadi zake, Bibi akazijibu moja moja kama mtu anayelipa nauli. Mwalimu akamwelekezea fundi miwani kidole.

"Huyu nani?"

"Fundi."

"Na huyu?"

"Pasi," Bibi alisema, na upande mmoja wa mdomo wake ulicheka.

Mwalimu akamsogezea wifi kiti mpaka magoti yake yakagusana na ya mama yake. "Na huyu, Bibi? Tumemtaja sasa hivi. Huyu ni nani?"

Bibi alimtazama bintiye. Alimtazama kwa muda mrefu: nywele zilizoanza mvi, miwani, kola iliyonyooka. Midomo ikakutana. "Bi..." alianza, na kila mtu mle chumbani aliisikia silabi ya pili ikija. Hapo akanyamaza. Akafunga mdomo. Akatikisa kichwa polepole.

"Sitaki," alisema.

Wifi alirudi nyuma kama aliyesukumwa. Mwalimu akafungua kinywa kusaidia, lakini Bibi alikuwa ameshainua mkono wa kushoto, shanga zikining'inia kwenye kifundo, akauweka shavuni mwa bintiye.

"Hari," alisema.



"Sasa hivi tu alilijua," mwalimu alisema, kalamu imesimama juu ya karatasi. "Wote mmemsikia. Neno binti alilijua."

"Hata leo," wifi alisema. Sauti ya mabaraza haikuwepo tena. "Hata leo, ni yeye tu."

"Wifi." Mama Pasi alipiga magoti kando ya kiti. Alikuwa amelisikia neno lile kwa miezi, fupi na refu, la hasira na la maji, na mlio huu alikuwa ameusikia ukielekezwa rafuni peke yake, katika mnong'ono usiomhusu mtu. "Wifi, inua uso. Usisikilize neno. Zamani alikuwa akilitaja amefumba macho. Angalia sasa anamwangalia nani."

Wifi akainua uso. Bibi hakuwa amefumba macho. Yalikuwa yamefunguka kabisa, yamejaa maji, yako juu yake na hayapepesi.

"Hari," Bibi alirudia, akimgusa paji la uso. Kisha, kana kwamba amegundua wengine wanasubiri, akamwelekezea mwanawe kidole: "Hari." Mama Pasi: "Hari." Mwalimu na kadi zake: "Hari." Mwisho akaugeuza mkono, akajigusa kifuani mwake mwenyewe, akalitaja mara nyingine taratibu, bila kuongeza wala kupunguza, na kuushusha mkono magotini kama mtu aliyemaliza kazi.

Fundi miwani alikuwa akilia kimyakimya. Mwalimu alitazama karatasi yake, yenye safu ya sahihi na safu ya kosa.

"Niandike wapi?" aliuliza.

"Andika alichosema," Mama Pasi alimjibu. "Safu chagua mwenyewe."

Ile fomu haikujazwa. Wifi aliirudisha kwenye pochi. Alimwambia tu ndugu yake kwamba ataomba ruhusa hadi Jumatatu, na kwamba kuanzia sasa atakuja kila shule zikifungwa, Mama Pasi apumzike. Kisha akaomba aachwe na mama yake.

Mama Pasi alivuta mlango wa chumba cha nyuma, akarudi mezani. Akaishika pasi. Hakuwa na uhakika kama alichokiona ndicho kile mzee wa hekaluni alichokisema. Alijua tu kwamba mara hii Bibi alikuwa na maneno mawili mkononi, na alichagua.

Mteja aliingia kufuata suruali zake. Alikuwa yuleyule aliyewahi kuuliza kama wananyoosha na roho. Alihesabu suruali, akatega sikio. Nyuma ya mlango kulikuwa na sauti ya kizee, nzito, ikisema neno moja. Na baada yake sauti ya pili, ya mwanamke ambaye hajazoea kulitamka, ikilirudisha lilelile. Kisha kicheko cha watu wawili.

"Kuna nini huko ndani leo?" aliuliza.

"Hakuna kitu," Mama Pasi alisema, akimfungia suruali zake. "Mama na mwanawe wanaongea."